Jengo la zimamoto la London Road, na swali la mama

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na kuna walioniandikia kuuliza kama baridi ya Manchester imeshanimaliza. Bado nipo. Ni kazi za chuo tu, zimenikalia shingoni.

Juzi saa tisa usiku kengele ya moto ililia hosteli kwetu. Hapa kengele ikilia ujue kuna mtu kaunguza mkate au kakaanga kitu bila kufungua dirisha, lakini sheria ni sheria, mnatoka wote. Tukatoka, wengine na mablanketi, mimi na kikoi na ndala moja. Ile ya pili niliishika mkononi maana kamba ilichomoka kwenye ngazi. Basi bwana, nimeinama naihangaikia kamba, nikasikia mlio, kuinua kichwa gari la zimamoto limeshaingia getini. Sikuangalia saa kwa hiyo siwezi kuwaambia ni dakika ngapi. Ninachojua ni kwamba ndala nilikuwa bado sijaivaa.

Ulikuwa mkate, kama kawaida. Jamaa wakaingia, wakatoka, wakaondoka. Mimi sikulala tena. Mnajua hadithi za kwetu: gari linafika nyumba imeshakuwa majivu, na watu wanaanza kuulizana kama lina maji. Nikawa najiuliza haraka ile inatengenezwaje. Nilidhani jibu ni gari zuri na simu nzuri. Kumbe zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati gari la zimamoto linavutwa na farasi, watu wa mji huu walilijibu swali hilo kwa matofali. Na jibu lenyewe nalipita kila nikienda kupanda treni!

Ukitoka stesheni kubwa ya Piccadilly ukavuka barabara, utakutana na jengo jekundu lenye rangi ya kahawia na manjano, kubwa kiasi kwamba siku za mwanzo nilidhani ni bunge la mkoa. Lina minara, lina kuba, lina nguzo za mapambo na sanamu huko juu. Chini kuna milango mikubwa ya matao, mmoja baada ya mwingine. Hicho ndicho kilichokuwa kituo kikuu cha zimamoto cha Manchester, London Road Fire Station. Jina hilo ni la barabara, na hata stesheni ya treni iliitwa London Road mpaka mwaka 1960 ndipo ikawa Piccadilly. Kituo kilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1906. Kilifungwa 1986. Miaka 80 ya kazi.

Kwanza tuelewane kwa nini mji uliamua kutumia paundi 142,000, hela nyingi mno kwa wakati ule, kujenga nyumba ya watu wa kuzima moto. Manchester ulikuwa mji wa pamba. Barabara ya Whitworth, ambayo inapita ubavuni mwa jengo hili, imejaa yaliyokuwa maghala ya nguo, ghorofa tano, sita, marefu kama meli. Pamba inawaka. Vumbi la pamba linawaka zaidi. Weka taa za gesi, weka majiko ya makaa, weka bidhaa za mamilioni zimerundikana ghala kwa ghala, halafu uone kama wenye mali watalala. Na pamba hiyo inatugusa na sisi. Chama cha kuendeleza kilimo cha pamba ndani ya himaya ya Uingereza kilianzishwa 1902, makao yake makuu hapa hapa Manchester, na miaka michache baadaye wakulima wa Uganda walikuwa wanapanda mbegu zake. Kwa hiyo wakati mafundi wanapanga matofali ya jengo hili, kuna mzee Buganda alikuwa analima zao ambalo jengo hili liliwekwa kulilinda lisiungue. Sisemi kwamba alijua. Nasema tu mambo yanaunganika.

Mipango ilianza 1897, kwa sababu kituo cha zamani cha mtaa wa Jackson's Row kilikuwa kimepitwa na wakati. Mkuu wa kikosi aliyekuja baadaye, George William Parker, alikuwa na neno kubwa katika namna kituo kipya kitakavyokuwa. Wasanifu walikuwa Woodhouse, Willoughby na Langham. Mtindo wanauita Baroque ya enzi ya Edward, yaani Mfalme Edward wa Saba aliyetawala 1901 hadi 1910. Ni mtindo wa kifua mbele: matao mazito, kuba, minara, mapambo kila kona. Mimi kwa kawaida majengo ya aina hii hunichosha, yananikumbusha mzee aliyevaa medali zake zote kwenda sokoni. Hili nimelisamehe, na nitaeleza sababu.

Ile rangi ya kahawia na manjano si mawe. Ni udongo uliofinyangwa, ukachomwa na kupakwa ganda linalong'aa, wenyewe wanaita terakota. Ulitengenezwa na kiwanda cha Burmantofts cha mji wa Leeds. Siku hizo Manchester ilikuwa inavuta moshi wa makaa ya mawe mchana na usiku. Masizi yalikuwa yanashika kwenye mawe na kuyala, jengo jipya likikaa miaka kumi linakuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Terakota unaiosha kama unavyoosha sahani. Ndiyo maana Whitworth Street yote hadi kona ya Oxford Road ni nyekundu na kahawia. Watu wengi wanafikiri walipenda rangi. Walikuwa wanapigana na moshi.

Sanamu zilizoko juu ni kazi ya mchongaji J. J. Millson, na zinahusu shughuli zilizokuwa zinafanyika humo ndani. Na shughuli zilikuwa nyingi! Hapa ndipo nilipoanza kulipenda jengo. Halikuwa la zimamoto peke yao. Humo humo kulikuwa na kituo cha polisi, kituo cha magari ya wagonjwa, benki, ofisi ya kupima mita za gesi, na mahakama ya korona (si ule ugonjwa jamani, korona kwa Waingereza ni afisa anayechunguza vifo vya ghafla, cheo cha tangu karne za zamani). Ofisi ya mita ilinichekesha. Yaani mwaka 1906 mji ulikuwa na mahali maalumu pa kukagua kama mita ya gesi haimwibii mwananchi. Wale mnaogombana na mita za umeme huko nyumbani msome mara mbili.

Lakini ile mahakama haichekeshi. Hebu fikiria: upande mmoja wa jengo wanaishi watu wanaokwenda kuokoa, na upande mwingine anakaa mtu anayeuliza maswali juu ya wale ambao hawakuokolewa. Paa moja. Kikosi kikichelewa mahali, maelezo yatasomwa hatua chache kutoka pale farasi walipolala. Sijui kama wasanifu walilifikiria hilo au ilikuwa ni kubana kiwanja tu. Nadhani kubana kiwanja. Hata hivyo, mimi ningekuwa askari wa zimamoto pale, kila nikipita mlango ule ningekaza mwendo.

Sasa turudi kwenye haraka.

Jengo limekaa pembe tatu, limezungukwa na barabara pande zote: London Road, Whitworth Street, Minshull Street South na Fairfield Street. Katikati kuna ua mkubwa wa wazi. Mtu wa nje anaona minara na mapambo. Jengo lenyewe, kwa maana ya kazi yake, limetazama ndani, kwenye ule ua. Chini ni magari na farasi. Juu, ghorofa kwa ghorofa, ni nyumba. Mbele ya nyumba kuna vibaraza virefu vinavyotazama uani, mtu akitoka mlangoni kwake anaona chini ua wote. Ziliishi humo familia zaidi ya 30. Zimamoto, wake zao, watoto wao. Makapera nao walikuwa na sehemu yao.

Hapo ndipo jibu la swali langu lilipo. Kabla ya simu za mkononi huwezi kumwita mtu aliyelala mtaa wa tatu. Kwa hiyo unamhamishia kazini yeye, mkewe, watoto wake na kitanda chake. Kengele za umeme zikalia, mtu anatoka kitandani na yuko kazini. Amevuka hatua ngapi? Chache. Halafu hata ngazi wakaona zinachelewesha, wakaweka nguzo za kuteleza.

Nguzo hizi tumeziona sote kwenye katuni, ila historia yake wengi hatuijui. Ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1878, kwenye kikosi namba 21, na kikosi hicho kilikuwa cha watu weusi. Nahodha wao David Kenyon ndiye anayetajwa kuianzisha. Mwanzoni vikosi vingine vilikuwa vinawacheka. Baadaye wakaona kikosi namba 21 kinafika kwenye moto mapema kuliko wao, kicheko kikaisha, na nguzo ikasambaa duniani mpaka ikafika hapa London Road. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktaba mpaka dada wa meza ya pili akaniangalia vibaya.

Kwa upande wa farasi ni vilevile. Kumvalisha farasi lijamu na mikanda yake yote kunachukua muda, waulize waliowahi kuendesha hata mkokoteni wa punda. Kwa hiyo vifaa vyote vilining'inizwa darini, juu kabisa ya mahali farasi anaposimama mbele ya gari. Farasi wenyewe walifundishwa: kengele ikilia anatoka zizini na kwenda kusimama mahali pake. Mikanda inashushwa mgongoni, inabanwa, mlango unafunguka, wameondoka. Magari yalikuwa ya mvuke, yaani pampu inaendeshwa na tanuri dogo linalokwenda nyuma ya farasi, likitoa moshi na cheche. Ebu pata picha: gari la kuzima moto lenyewe linawaka moto, linakimbia usiku Whitworth Street na farasi wanatoa povu! Mtoto aliyelala ghorofa ya tatu anasikia yote hayo, anageuka upande wa pili, anaendelea kulala. Ameshazoea.

Ule mnara mrefu nao una kazi. Mipira ya maji ya zamani ilikuwa ya turubai, ikikunjwa mbichi inaoza. Ukitoka kwenye moto lazima uining'inize wima ikauke, na mpira wa maji ni mrefu. Kwa hiyo unahitaji chumba kirefu kwenda juu. Wasanifu wakauchukua mnara wa kuanikia mipira wakauvalisha nguo za Baroque, ukasimama na minara mingine kama bwana harusi katikati ya wapambe. Ukiuangalia kwa mbali utasema kanisa. Ni kamba ya kuanikia. Ndiyo sababu nimewasamehe mapambo yao: ukiondoa yale ya juu juu, karibu kila kitu ndani ya jengo hili kinahesabu sekunde.

Lakini sekunde hizo zilikuwa za nani? Hilo ndilo limenifanya niandike leo.

Mimi nimelelewa kota. Mzee wangu alikuwa mtu wa reli, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi, kuta nene, mabati mekundu, namba imeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Maisha ya kota yana raha yake. Watoto mko kundi moja, mama wa mwenzako ni mama yako, ukiharibu anakuchapa bila kuuliza ruhusa. Mambo ya baba yanakuwa mambo ya nyumba nzima: tulijua ratiba za treni kabla ya kujua kusoma. Ila kota si yako. Siku mzee alipostaafu ndipo tulipojua kwamba ule mwembe mama alioupanda uani aliupandia mwajiri. Nakumbuka mama anafagia nyumba siku ya kuhama, anafagia vizuri kabisa, pembe zote, nyumba ambayo kesho yake si yetu.

Kwa hiyo nikiangalia picha za zamani za ule ua wa London Road, wenzangu wa darasani wanaona matao na mimi naona kota. Naona watoto. Nawaza habari ya mke wa zimamoto ambaye mumewe hatoki kazini kwa sababu kazini ndiyo nyumbani. Enzi hizo zimamoto wa Uingereza hawakuwa na zamu kama sasa. Mtu alikuwa kazini karibu muda wote, likizo kidogo, na kutoka nje ni kwa ruhusa. Jengo lilimfaa mji sana. Lilikuwa na mambo mazuri kwa mpangaji pia, tusiwe wagumu: nyumba imara na safi katikati ya mji ambao mitaa yake mingi ya wafanyakazi ilikuwa giza na unyevu, na mshahara wa uhakika. Lakini bei yake ilikuwa kwamba kengele inaingia chumbani kwako. Mpango wa jengo umemhesabu mke na watoto kama sehemu ya mitambo, sawa na zizi na mnara. Bila wao, yule bwana asingelala pale, na asipolala pale sekunde zinapotea.

Wataalamu wa usanifu wanaliandika jengo hili kwa uso wake wa barabarani. Mimi naona wamelikosea heshima. Uso ni wa kukuonyesha mji una hela. Akili yote iko uani, kwenye vile vibaraza.

Mambo mengine nitapita haraka. Farasi hawakudumu, miaka michache baada ya kufunguliwa magari ya injini yakaanza kuingia, kwa hiyo ule ustadi wote wa mikanda darini ukawa wa bure mapema sana. Inasikitisha kidogo. Unajenga mtambo bora kabisa wa farasi duniani na farasi ndiyo anaaga. Hata hivyo jengo likazoea. Desemba 1940 Wajerumani walipoipiga Manchester mabomu, usiku wa tarehe 22 na wa 23, zimamoto wengi wa mji walikuwa wametumwa Liverpool kusaidia, maana Liverpool ilikuwa imepigwa siku chache kabla. Mji ukawaka na wenyewe hawapo. Walikufa watu zaidi ya 600. Mwaka 1942 kituo kilipata wageni wa kifalme waliokuja kutambua kazi ya kikosi wakati wa vita. Baada ya vita kikawa pia mahali pa mafunzo, na 1952 kikawa cha kwanza kuwekewa mitambo ya kurekodi simu za dharura. Mwaka 1974 serikali za mitaa zikapangwa upya, kikosi cha mji kikamezwa na kikosi cha eneo zima la Greater Manchester. Jengo likawa ghali kulitunza, zimamoto wakawa watu wa zamu wanaolala makwao, na ule ua ukaanza kuwa mkubwa kuliko kazi. Mwaka huo huo wa 1974 serikali ililiandika kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, daraja la pili lenye nyota, chini kidogo tu ya daraja la juu kabisa. Yaani lilipata heshima wakati linaanza kufa. Hata binadamu tunafanyiwa hivyo.

1986 kituo kikafungwa. Wa mwisho kuondoka alikuwa korona, ambaye mahakama yake ilibaki humo mpaka 1998. Ajabu yake hiyo: zimamoto wameshaondoka miaka 12, polisi wameshaondoka, lakini mchunguza vifo bado yupo, peke yake kwenye kona ya jengo linalooza.

Na lilioza kweli. Kampuni ya hoteli ililinunua, ikasema itageuza hoteli, mipango ikatangazwa, mipango ikalala. Miti ikaota kwenye mifereji ya paa. Mwaka 2001 likaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini. Hili jengo halikuwa porini, jamani. Liko mkabala na stesheni kubwa kuliko zote za mji! Mamia ya watu wanashuka treni kila saa, kitu cha kwanza wanachokiona ni madirisha yenye mbao. Mwaka 2010 halmashauri ya mji ikachoka, ikatoa amri ya kununua kwa lazima. Kukawa na uchunguzi wa hadhara 2011, mwisho wa yote serikali kuu ikaikataa ile amri. Mwenye jengo akabaki nalo. Wananchi wapenzi wa jengo wakaunda kundi lao, wakapiga kelele, halmashauri ikaanza tena mchakato, na 2015 mwenye mali akatangaza anauza. Mwaka huo huo likanunuliwa na Allied London, na baadaye kazi ya kulikarabati ikaanza.

Piga hesabu: kuanzia 1986 hadi 2015 ni miaka 29. Jengo lililopangwa hivyo kwa ajili ya sekunde liliwekwa karibu bila kazi kwa miaka 29, kwa sababu tu mwenye karatasi hakuwa na haraka. Nimebishana na rafiki yangu Mgiriki juu ya hili. Yeye anasema mali ni ya mtu, akitaka iote miti, iote. Mimi namwambia mji ulilijenga kwa kodi za watu, familia zikatoa usingizi wao miaka na miaka, halafu leo mtu mmoja aamue tu? Hatukukubaliana. Alininunulia kahawa, kwa hiyo nilikubali kunyamaza.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo. Mipango mingi iliyotolewa juu ya jengo, ya zamani na ya baadaye, inazungumza hoteli, mikahawa, makazi ya kisasa. Sina kinyongo, jengo lisipotumika linakufa, na afadhali kahawa kuliko miti kwenye paa. Terakota wataiosha itang'aa. Milango ya matao itabaki, ni mizuri kwenye picha. Ila ukisoma maelezo ya kila mpango, ua unaitwa nafasi ya burudani na vibaraza vinaitwa mandhari. Neno familia halimo. Kwa watu hao jengo ni la zimamoto wanaume wenye masharubu na kofia za shaba, basi.

Jana nilimpigia mama nikamweleza yote haya, farasi, nguzo, kengele mpaka chumbani. Alisikiliza kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Sasa baba, na hao wanawake, nguo walikuwa wanaanika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeshajua mipira ya maji ilianikwa wapi, imejengewa mnara mzima wenye mapambo. Nguo za watoto sijui. Nikamwambia labda kwenye vibaraza. Akasema, "Labda hakuna. Nenda kaangalie kama kuna misumari, kamba huwa zinaacha misumari."

Jumamosi nitakwenda na darubini ya mwenzangu, nione kama kuna upenyo wa kuchungulia uani kupitia mageti.